Mwaka Huu Ndio Wetu: Jibu kwa Mjomba

Najua nimepotea hapa kibarazani. Wengine mmeanza kuulizana kama nimegandishwa na baridi. Hapana, nipo mzima. Ni zamu za usiku tu zimefuatana, na mtu ukitoka kazini saa moja na nusu asubuhi huna hamu ya kompyuta, una hamu ya kitanda.

Leo nina deni la kulipa. Majuzi niliongea na Mjomba kwenye simu. Baada ya salamu na habari za mvua akasema ameiona ile picha yangu nimevaa skafu ya bluu yenye jani jeupe. Akaniuliza: "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo kwenda kuchagua timu isiyochukua kombe? Huko hakuna timu zinazoshinda?" Kisha akacheka kile kicheko chake cha Jangwani, wanaomjua wanakijua. Nikakosa jibu. Nikamwambia nitaandika. Basi Mjomba, vuta kiti, maana jibu lenyewe ni refu na limeanzia mbali.

Nianze na Oktoba. Hapa Toronto Oktoba ndio mwezi miti inapogeuka rangi nyekundu na watu wanapogeuka vichaa. Ligi ya hoki inaanza. Kwa wasioujua mchezo wenyewe, ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Kila timu inaingiza watu 6 pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye kisu chini, wanagombania kidude cheusi cha mpira mgumu kinachofanana kabisa na kopo la kiwi ya viatu. Wanaruhusiwa kugongana, na wanagongana kweli. Ligi inaanza kwenye baridi ya kwanza na bingwa anapatikana Juni, watu wakiwa wameshavaa kaptula. Anapewa Kombe la Stanley, lililotolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada enzi za Malkia Victoria.

Timu ya hapa inaitwa Toronto Maple Leafs. Lile jani lao ni jani lile lile mnaloliona kwenye bendera ya Kanada, ila timu ilianza kulivaa mwaka 1927 na bendera ikaja 1965. Wamechukua kombe mara 13, na ni Montreal peke yao waliochukua mara nyingi zaidi. Mnaona ni timu kubwa. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Mei 1967. Ule ni mwaka wa Azimio la Arusha! Mjomba mwenyewe alikuwa bado anafukuzwa na ndama.

Pamoja na hayo, ingia chumba cha chai cha wodi yetu siku yoyote ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Sista mmoja Mfilipino anasema mwaka huu kipa ametulia. Daktari mmoja ambaye wazazi wake wametoka Punjab anasema mabeki ni wazito, lakini washambuliaji watafunika. Mama wa Jamaika anayegawa chakula anasema kocha ndiye wa kutazamwa. Kila mmoja ana kopo la kahawa mkononi na kila mmoja ni kocha. Wakishamaliza kuchambua wote wanafika pale pale: mwaka huu ndio wetu. Ukifumba macho ukasahau lugha, uko kijiweni Kariakoo mwezi wa Agosti, wiki ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi, wakati kila aliyesajiliwa ni hatari na hakuna aliyepoteza hata pointi moja.

Kwa nini watu wenye akili zao, wanaopima dawa kwa miligramu, wanasema hivyo kila mwaka? Nilidhani ni ujinga. Nikaanza kusoma historia yao, nikakuta mambo.

Kwanza, nikakuta kwamba Oktoba haijawahi kusema ukweli. Chukua mwaka ule ule wa ubingwa, msimu wa 1966/67. Timu ilijaa wazee. Kipa Johnny Bower alikuwa na miaka 42, kipa mwenzake Terry Sawchuk 37. Mabeki walikuwemo Allan Stanley mwenye miaka 41 na Tim Horton mwenye 37. Huyo Horton ndiye mwenye jina kwenye ile migahawa ya kahawa iliyoko kila kona ya nchi hii, na makopo ya pale chumba cha chai yanatoka kwake, ingawa yeye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1974. Basi katikati ya msimu ule, Januari na Februari 1967, wazee hawa walifungwa mechi 10 mfululizo. Hali ikawa mbaya mpaka kocha wao, Punch Imlach, akalazwa hospitali kwa uchovu. Msaidizi wake King Clancy akashika timu kwa mechi 10 na akapoteza 1 tu. Mwisho wa ligi walikuwa wa 3, kisha kwenye mtoano wakaitoa Chicago iliyoongoza ligi, wakaifunga Montreal kwenye fainali. Bao la mwisho lilifungwa na nahodha George Armstrong, ambaye mama yake alikuwa wa watu wa asili wa nchi hii.

Sasa geuza upande wa pili. Msimu wa 2021/22 ndio uliokuwa bora kuliko yote waliyowahi kucheza kwenye ligi hadi hapo: ushindi mara 54, pointi 115. Wakatolewa raundi ya kwanza. Mtoano wa huku timu mbili zinakutana hadi mechi 7, anayetangulia kushinda 4 anasonga. Wao walifungwa ile ya 7 na Tampa Bay. Kwa hiyo anayeogopa Oktoba na anayetamba Oktoba wote wanabahatisha.

Pili, nikakuta hadithi ya laana. Hata huku wapo wa kamati ya ufundi, msidhani ni sisi tu. Mwaka 1951 beki kijana, Bill Barilko, miaka 24, aliifunga Montreal bao la ubingwa kwenye muda wa nyongeza. Miezi minne baadaye alipanda kindege kidogo na rafiki yake kwenda kuvua samaki kaskazini, na hawakurudi. Walitafutwa sana bila mafanikio. Timu ikakaa miaka 11 bila kombe. Watu wanasimulia kwamba alipopatikana tu, kombe likarudi. Lakini ukiangalia tarehe, kombe lilichukuliwa Aprili 1962 na mabaki yake yakaonekana Juni 1962. Kombe lilitangulia, maiti ikafuata. Hadithi ni tamu, ila kalenda inaikataa. Mimi kama muuguzi nimefundishwa hivyo hivyo: kabla ya kusema hiki kimesababisha kile, tazama kipi kilianza.

Basi kama si laana, ni nini? Hapa ndipo Mjomba akae vizuri, kwa sababu panatuhusu na sisi.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Hadi masika ya 1967 ligi nzima ilikuwa na timu 6. Msimu uliofuata zikawa 12, na tangu 2021 ziko 32. Kombe lililokuwa linagombewa na nyumba sita sasa linagombewa na mtaa mzima. Na baada ya msimu wa 2004/05 kufutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, ligi iliweka kikomo cha mishahara kwa kila timu. Kwa hiyo tajiri wa Toronto hawezi tena kumwaga fedha akanunua ubingwa.

Sababu ya pili ni mwenye mali. Mwaka 1972 timu iliangukia mikononi mwa mtu anaitwa Harold Ballard, na mwaka huo huo mahakama ikamtia hatiani kwa wizi na udanganyifu wa fedha za kampuni ya ukumbi wa timu. Alifungwa, akatoka, akaendelea kuwa mwenye timu mpaka alipofariki 1990. Mwaka 1979 alimfukuza kocha Roger Neilson, kisha akabadili mawazo na kumtaka arudi kwa maigizo, aingie uwanjani na mfuko wa karatasi kichwani. Kocha aliurudia ukocha, mfuko akaukataa. Nahodha Darryl Sittler, ambaye Februari 1976 alihusika na mabao 10 katika mechi moja dhidi ya Boston, mwenyewe akifunga 6, alifika mahali pa kung'oa alama ya unahodha kwenye jezi yake. Mwaka 1982 akaondoka zake.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisumbua, maana inatugusa mashabiki. Ule ukumbi wa zamani, Maple Leaf Gardens, ulijengwa mwaka 1931 katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Fedha zilipopungua, mafundi walikubali sehemu ya ujira wao ilipwe kwa hisa za ukumbi. Fikiria huyo fundi wa matofali: timu ni yake kidogo. Lakini miaka ikaenda, hisa zikakusanywa na wakubwa, na shabiki akabaki na tiketi tu. Na tiketi alinunua! Tangu baada ya vita ya pili ya dunia mpaka ukumbi ulipofungwa 1999, timu ikishinda ikifungwa, viti vilijaa. Ballard angeadhibiwa na nani? Baada yake wakaja wamiliki wengine, mmojawapo mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo hili la Ontario. Ni kama mfuko wa pensheni wa nyumbani umiliki Simba, uone mikutano itakavyokuwa! Mwaka 2012 mfuko huo ukauza, yakaingia makampuni ya simu na televisheni.

Nikakumbuka nyumbani. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimekuwa za wanachama. Tunawacheka wanachama wetu kwa mikutano ya viti kurushwa na kesi zisizoisha, lakini mwenye kadi anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kumwambia kiongozi ondoka. Hata Simba ilipoingia kwenye mfumo wa hisa kuanzia 2017, hoja kubwa ilikuwa wanachama wabaki na 51%. Huku nimeelewa ule ugomvi ulikuwa wa nini. Mapenzi yasiyokuwa na kura ni mto wa mwenye mali kulalia. Kwa hiyo Mjomba, hapo nakupa pointi moja: mashabiki wa timu yangu wamechangia kufungwa kwao.

Sasa kwa nini mimi nimeingia humo humo?

Mnakumbuka Aprili 2020. Wa nyumbani mliozika mnajua, mimi nilizika kwa simu. Baba alipofariki ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa kuingia Tanzania, na hapa wodi zilikuwa zimejaa wagonjwa wa Korona. Nilitazama udongo ukimwagwa kwenye kioo kidogo kuliko kiganja, mtandao ukikatika. Baada ya siku tatu nikarudi kazini. Wenzangu ni watu wazuri, lakini Kiingereza hakina neno "pole", na huku hakuna matanga. Mtu anakwambia sentensi moja, anakugusa bega, anaondoka. Hakuna anayekuja kukaa nawe bila kusema kitu.

Za wagonjwa sisemi, mnajua miiko ya kazi yetu. Huyu ninayemtaja ni mfanyakazi mwenzetu, mzee aliyekuwa anasukuma machela, karibu kustaafu. Saa tisa za usiku alinikuta nimekaa peke yangu, akasimama mlangoni na barakoa yake kwa ule umbali tuliolazimishwa. Nadhani alitafuta la kusema akakosa. Mwishowe akaniuliza: "Baba yako alikuwa anashangilia timu gani?"

Nikamwambia Simba. Akauliza Simba ni nani. Basi nikaanza kusimulia, na sijui maneno yalitoka wapi. Nikamsimulia 1993, mimi nikiwa na miaka sita. Simba wamefika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan wametoka 0-0 na Stella, na marudiano ni Dar. Mji mzima unajua kombe ni letu. Baba aliondoka nyumbani na kofia yake nyekundu mapema kama anakwenda kwenye harusi. Stella wakashinda 2-0. Mama alisikia kwenye redio kabla yake, akatukataza kuuliza. Baba aliingia, akaitundika kofia, akakaa barazani bila kusema mpaka giza likaingia. Nami nikaenda kukaa karibu na miguu yake, bila kusema. Asubuhi akaamka akisema: "Mwakani."

Yule mzee akatikisa kichwa. Akasema: "Na sisi ilikuwa 1993."

Akanisimulia. Nusu fainali dhidi ya Los Angeles, Leafs wanahitaji ushindi mmoja tu waende fainali. Mechi ya 6, muda wa nyongeza, gongo la Wayne Gretzky likampiga Doug Gilmour kidevuni, damu ikatoka. Refa hakumtoa. Muda mfupi baadaye ni Gretzky yule yule aliyefunga. Mechi ya 7 wakarudi Toronto, Gretzky akafunga 3, ikaisha 5-4. Mzee alisema alikaa kwenye ngazi za nyumba yake usiku kucha, na mtoto wake akaja kukaa naye. Yeye mwenyewe mwaka 1967 alikuwa mtoto, baba yake akamruhusu asilale mapema ili aone. Anachokikumbuka zaidi ya kombe ni mkono wa baba yake kichwani.

Haikuzidi robo saa. Kengele ya wodi ikalia, nikainuka. Lakini Mjomba, nakwambia kweli, yale ndiyo matanga yangu niliyoyapata nchi hii. Sikuichagua timu. Nilisogezewa mkeka nikakaa.

Agosti ile ligi ikaendelea kwa kuwafungia wachezaji Toronto na Edmonton, bila watazamaji. Leafs wakatolewa na Columbus ndani ya ukumbi wao mtupu. Nilikuwa natazama nikiwa nimevaa sare za kazi. Mzee akanitumia ujumbe wenye neno moja: "Mwakani." Sikuwahi kumwambia kwamba neno hilo lilikuwa la Baba. Au nilimwambia usiku ule, nimesahau.

Tangu hapo nimevumilia kama wenyeji. 2021 tuliongoza Montreal 3-1 tukatolewa. 2023 tukaitoa Tampa Bay, mara ya kwanza kuvuka raundi tangu 2004, na watu walijaa mitaani kama wamechukua dunia, kwa raundi moja tu! 2024 Boston wakatutoa kwenye muda wa nyongeza. 2025 tukafika mechi ya 7 na Florida hapa nyumbani, tukala 6-1. Msinicheke sana, mwaka huo huo wa 2025 Simba walifika fainali ya Shirikisho wakaikosa kwa Berkane. Na nyinyi Wananchi mliikosa ya 2023 kwa bao la ugenini. Tusitupiane mawe, nyumba zetu zote za vioo.

Nimalizie na jambo nililoligundua juzi juzi. Mwaka ule ule wa 1967, mwezi Oktoba, Kanada ilianza utaratibu wa kuwapima wahamiaji kwa pointi: elimu, ujuzi, lugha, badala ya kutazama umetoka nchi gani. Ndio mlango nilioingilia mimi na shahada yangu ya uuguzi. Ndio walioingilia wazazi wa wengi mle chumba cha chai. Leo karibu nusu ya watu wa Toronto wamezaliwa nje ya Kanada, na tangu 2008 mechi za hoki zinatangazwa hata kwa Kipunjabi. Yaani wengi wetu tunaosema "mwaka huu ndio wetu" hatukuwepo, wala wazazi wetu hawakuwepo, siku kombe lilipochukuliwa. Tumerithi njaa bila kuonja chakula. Lakini ukitaka kujua kama mtu wa hapa amekukubali, usitazame kama anakusalimia, maana wanasalimia wote. Tazama kama anabishana nawe kuhusu kipa.

Yule mzee amestaafu sasa. Mwaka jana nilikwenda kununua mboga kwenye lile jengo la Maple Leaf Gardens, maana chini limekuwa duka la vyakula. Sakafuni kuna alama nyekundu mahali palipokuwa katikati ya uwanja. Watu wanapita juu yake na vikapu. Nikaipiga picha nikamtumia. Akajibu kwa kuuliza tu kama nadhani mabeki wetu watatosha.

Basi Mjomba, jibu ndilo hilo. Mabeki hawatoshi. Mwaka huu ndio wetu.

Nisalimieni Bibi, mwambieni dawa za presha asiruke hata siku akijisikia vizuri. Na ile kofia nyekundu ya Baba iliyoko kabatini, tafadhali asiitoe mtu. Nikipata likizo Desemba nitakuja kuichukua mwenyewe.